Ukuta wa Evaristo

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Ndivyo walivyosema wahenga, wala hawakusema kwa kubahatisha. Ugomvi wa waliotoka tumbo moja hauhitaji mtu wa kuuchochea wala wa kuuamua. Mtu wa nje mwenye akili huuacha uwake na kuzimika wenyewe, naye akashika kazi yake. Asiye na akili hutafuta kuni. Evaristo Quiroga alikuwa na akili za kila namna isipokuwa hiyo.

Evaristo alikuwa mwana wa mwenye duka mjini, kijana nadhifu, hodari wa hesabu, akamwoa Asunta wa ukoo wa Aramendi. Katika bonde letu la Molinar, kuoa kwa akina Aramendi ni jambo la kuvuliwa kofia, ingawa siku hizi watu huvua kwa mazoea tu. Zamani, mfalme wa Uhispania alipokuwa akigawa nchi ambazo hakupata kuziona, aliwapa ardhi kuanzia kwenye theluji ya milima hadi mtoni, pamoja na cheo cha markizi, yaani mkabaila mkubwa. Mtu aliyepanda nyumbu alfajiri aliweza kuchwewa na jua akiwa bado yumo shambani mwao. Cheo kiliondoka na mfalme. Ardhi yenyewe iliondoka polepole, kama sabuni mikononi mwa mfuaji, hadi yakabaki mashamba mawili: Shamba la Juu, lenye nyumba kubwa inayovuja, na Shamba la Chini, kando ya mto. Mfereji mmoja uliyanywesha yote mawili, na wenyewe walikuwa wawili, Asunta na kaka yake Fermín, ambao baba yao aliwaachia bila kuwagawia.

Marehemu mama yao, Doña Ventura, aliwazoeza kuyataja mashamba yaliyopotea kila Jumapili baada ya chakula, kama watu wanavyosali rozari. Fermín alitaja, Asunta akaitikia.

"El Sauzal."

"Lililoliwa na harusi."

"Peñas Coloradas."

"Lililoliwa na mawakili."

"Tres Morteros."

"Lililotwaliwa na serikali, likapewa waliolilima."

Hapo walinyamaza, wakavuta pumzi, kisha wakamalizia na La Candelaria, lililoliwa na reli. Halafu walicheka wote wawili, maana walikuwa watu wa kuucheka umaskini wao.

Evaristo aliyajua yote kwa moyo. Miaka yote ya ndoa yake alikaa kwenye meza ile huku midomo ikimcheza kimyakimya, akingoja siku ambayo Fermín angemwambia, "Haya shemeji, leo taja wewe." Siku hiyo haikufika. Fermín hakuwa na ubaya; jambo lenyewe halikumpitia akilini. Badala yake alimtania.

"Bwana Mizani! Hebu nipimie huo mkate, nisije nikapunjwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe."

Mwingine angecheka, akajibu utani kwa utani. Evaristo alitabasamu, na neno likamwingia likakaa.

Tuseme wazi: alikuwa na wivu, na haukuwa wivu wa mashamba peke yake. Mashamba huuzwa na kununuliwa. Alichokionea wivu ni neno "sisi" kinywani mwa mkewe. Asunta aliposema "sisi tulipanda" au "sisi tuliugua surua", alikuwa na maana ya yeye na Fermín. Evaristo alisubiri aingizwe ndani ya neno lile kama mtu anayebisha mlangoni huku akisikia watu wakila ndani.

Kwetu, Agosti ikianza, watu huilisha ardhi. Huchimbwa shimo, nao hupiga magoti wawili wawili ukingoni, wakammwagia Mama Ardhi chakula na pombe ya mahindi kabla jembe halijamgusa. Asunta alipiga magoti na kaka yake, kama alivyofanya tangu utotoni. Mke wa Fermín, Hermelinda, mwanamke mwenye mikono mikubwa na ulimi usiokawia, alimvuta Evaristo kwa mkono.

"Njoo shemeji. Sisi tulioletwa na ndoa tupige magoti pamoja."

Evaristo alipiga magoti, macho yakiwa kwa mkewe. Fermín alimnong'oneza dada yake jambo, na Asunta akacheka hadi pombe ikamwagikia sketi.

"Wanacheka nini?" Evaristo akauliza.

"Nitajuaje? Labda pua yako."

"Wewe haikuumi? Mumeo ana siri na mtu mwingine."

"Mtu mwingine yupi, dadake? Shemeji, mwaka wa kwanza nilijiuliza kama unavyojiuliza. Mwaka wa pili nikaona magugu yamenizidi, nikaenda kupalilia. Mwaga pombe hiyo, ardhi ina kiu."

Maneno hayo yangetosha kumponya mtu anayetaka kupona. Evaristo alimwaga pombe, akainuka na magoti yenye udongo na moyo uleule.

Mwezi uliofuata walikuja watu wa kampuni ya mvinyo wakitaka kulinunua Shamba la Chini. Walimkuta Fermín peke yake akifungua mfereji. Aliwasikiliza, akawaonyesha njia ya kutokea, akasahau. Kwake hapakuwa na cha kusimulia. Lakini Evaristo aliyapata maneno hayo mjini, akayabeba mbio hadi nyumbani, na njiani akaudondosha ule mwisho wa kuonyeshwa njia.

"Asunta, kwani Fermín hakukwambia?" alisema akivua koti taratibu. "Alikaa na watu wa mvinyo. Wakatembea Shamba la Chini kutoka mwanzo hadi mwisho."

"Fermín? Angeniambia."

"Ndiyo, nami nilidhani hivyo. Labda anaona halikuhusu. Mwanamke akiolewa, kwao humwona mgeni."

Asubuhi yake Fermín alikuwa uani akimimina mate, ile chai yetu chungu ya majani, kama kawaida, kibuyu kimoja kikizunguka toka mkono hadi mkono. Zamu ya Asunta ilipofika alikunywa, akakirudisha na kusema, "Ahsante." Anayesema ahsante kwenye duara la mate amesema basi.

"Kimoja tu?" Fermín akashangaa. "Unaumwa?"

"Nimetosheka. Wapo wasiotosheka."

"Nani huyo?"

"Anajijua."

Lau Asunta angeuliza waziwazi, hadithi hii ingeishia kwenye kibuyu kile. Lakini Aramendi hawaulizi. Ndiyo tabia iliyowabakia kutoka enzi za umarkizi. Fermín alikwenda zake mferejini, na Evaristo akamfuata.

"Shemeji, mimi si mtu wa maneno. Ila ni vizuri ujue. Dada yako anasema unataka kulinywa Shamba la Chini kama wazee wenu walivyoyanywa mengine."

Fermín alichomeka koleo lake udongoni. "Asunta kasema hivyo?"

"Nisingependa kukuambia."

"Basi kama anataka lake, apewe lake," alisema. "Tutakata."

Kukata kwa Aramendi kuna desturi yake: mkubwa hukata, mdogo huchagua. Mkubwa huweka mpaka apendapo, mdogo huchukua upande aupendao, na baada ya hapo hakuna rufani. Kwa kuwa ardhi haikatwi kabla mazao ya mwaka hayajakomaa, walikubaliana kungoja hadi baada ya Pasaka, mavuno yakianza. Evaristo usingizini alikuwa amekwisha kupanda vigingi. Aliuona upande wa Asunta, wenye lango lake na mfereji wake, pasipo kaka, pasipo mizaha, pasipo "sisi" isipokuwa yao wawili.

Hakungoja mpaka wa shamba. Alileta matofali ya udongo, akajenga ukuta katikati ya ua wa nyumba kubwa, kwa mikono yake, huku akipiga mluzi. Wakagawana majiko. Wakagawana kuku, ingawa kuku wenyewe hawakuelewa na waliruka juu.

Hermelinda hakujenga wala hakubomoa. Mvua za kwanza zilipokaribia, alibeba miche yake ya pilipili nyekundu, zile tunazozianika mlimani hadi mlima unakuwa kama umevaa joho la kadinali, akaipanda Shamba la Juu. Ilipobaki mingine, akaipanda Shamba la Chini.

"Upande ule unampandia nani?" mumewe akauliza kwa ukali.

"Naupandia udongo. Udongo haujaniambia umenuniana na nani."

"Na hao wakichagua huko?"

"Watakuwa wamechagua pilipili. Nipishe, unakanyaga mche."

Alilima hivyo majira yote ya joto, asubuhi huku, jioni kule. Asunta akimwona kwa dirisha aliona haya, akafunga dirisha. Walipokutana mferejini Hermelinda alimsalimu, "Wifi, umeamkaje?" kana kwamba ukuta ule ni nguo iliyoanikwa. Hakupeleka neno, hakuleta neno. Evaristo alijaribu kumvuta.

"Fermín anasemaje juu yetu siku hizi?"

"Anakoroma, shemeji. Nikielewa alichosema nitakuletea habari."

Mwezi wa Februari Fermín aliugua kifua. Kikohozi chake kilivuka ukuta usiku kucha, na Asunta hakulala. Alfajiri aliinjika chungu, akapika mahindi meupe na maharage na boga na nyama ya kukausha, chakula anachokipenda kaka yake tangu utotoni, akajaza bakuli.

"Mpelekee," alimwambia mumewe. "Usiseme kitu. Mpe tu."

Evaristo alilipokea bakuli. Lilikuwa zito na moto, na harufu yake ilimchoma kuliko moto wenyewe, kwa kuwa hakukumbuka mara ya mwisho yeye kuamkiwa alfajiri na kupikiwa hivyo. Alitoka nje, akazunguka nyuma ya zizi, akamimina chakula chote mferejini. Akakaa kidogo, akarudi na bakuli tupu.

"Kasemaje?" Asunta alikuwa amesimama mlangoni.

"Tuyaache."

"Kasemaje, Evaristo?"

"Kasema kuku wake wanashukuru."

Asunta aliosha bakuli lile polepole, akaliweka juu kabisa ya kabati mahali mkono haufiki. Tangu siku ile hakukosa tena usingizi kwa kikohozi cha mtu. Evaristo alipoona mkewe hasikii tena, alifurahi.

Pasaka ikaja, ikapita. Siku ya kukata ilipofika, mashamba yote mawili yalikuwa mekundu kwa pilipili. Evaristo aliamka mapema, akavaa koti lake la harusi, akachonga vigingi vyake mara ya mwisho. Lakini mezani alimkuta Asunta amekaa bila kugusa mkate.

"Sijui, Evaristo. Jana nilimwona shambani, amekonda. Labda tungoje mwaka mmoja. Mwaka ni nini?"

Evaristo aliona lango lake, mfereji wake, vyote vinaelea. Akatafuta neno zito la kumzuia, zito kuliko yote aliyowahi kusema, naye alikuwa nalo. Mzee mmoja mlevi mjini aliwahi kumsimulia kwamba akina Aramendi waliwahi kumiliki pia shamba liitwalo Las Ánimas, likaliwa kwenye karata mchana mmoja. Evaristo alishangaa wakati ule kwa nini halimo kwenye rozari ya Jumapili. Akadhani wamelisahau, akajiona anajua ukoo ule kuliko wenyewe.

"Umwonee huruma," alisema, "na yeye hana huruma nawe. Jana nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mtu: 'Mwache Asunta achague anachotaka. Litamtoka mkononi kama lilivyotutoka Las Ánimas.'"

Asunta aliinua uso. "Alisema nini?"

"Hivyo hivyo."

"Alilitaja jina?"

"Las Ánimas. Haki ya Mungu."

Kimya kilichofuata Evaristo alikidhania hasira, akajipongeza. Hakujua kwamba Las Ánimas lilikuwa mahari ya Rosario, dada yao mkubwa, maana kwetu mahari hutolewa na baba wa bibi harusi. Baba yao alilipoteza kwenye karata wiki mbili kabla ya harusi, mchumba akaondoka, na Rosario hakuvuka mwaka ule. Siku walipomzika, Doña Ventura aliwapigisha magoti watoto wawili waliobaki, akawawekea chumvi ulimini, akawaapisha kwamba jina lile halitatamkwa na Aramendi yeyote hadi kiyama. Pale walipovuta pumzi kila Jumapili, kati ya Tres Morteros na La Candelaria, hawakuwa wamechoka. Walikuwa wakipita mbele ya kaburi. Fermín, mtu akilitaja sokoni, alivaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Angeweza kumtukana Asunta, angeweza hata kumpiga; kulitamka jina lile hangeweza, kama vile mtu hawezi kumeza ngumi yake.

"Ulisikia vibaya," Asunta alisema taratibu.

"Nilisikia vizuri kabisa."

"Na bakuli? Lile nalo ulisikia vizuri?"

Asunta hakungoja jibu. Alijitanda shali, akatoka, akazunguka ule ukuta, akashuka shambani karibu akimbie.

Fermín alikuwa Shamba la Chini na kamba ya kupimia mkononi, hajaifungua. Hermelinda alikuwa nyuma yake akichuma. Asunta alisimama mbele ya kaka yake akihema.

"Februari nilikupikia. Ulikula?"

"Ulinipikia lini?"

"Ulipougua! Mahindi na boga. Ukasema kuku wako wanashukuru."

"Asunta, mimi mwezi ule nilikuwa nakula uji. Hakuna aliyeniletea hata yai." Fermín aliitupa kamba. "Nilingoja. Nilisema, hata akinichukia vipi, kikohozi hiki anakisikia."

Asunta aliufunika uso wake. "Na watu wa mvinyo?"

"Niliwafukuza! Niliwaambia hata mizizi ya miti siuzi bila dada yangu. Sasa wewe, uliyesema nataka kulinywa shamba hili!"

"Nani kasema?"

Hapakuwa na haja ya kujibu. Wote wawili waligeuka wakatazama nyumba, na ule ukuta uliojitokeza juu ya paa la kibanda cha kuku. Asunta akaanza kulia. Fermín, ambaye hakujua kufariji watu, alimpa leso chafu, kisha akamnong'oneza jambo, na kilio kikageuka kicheko katikati ya safari.

"Mkimaliza kulia na mkimaliza kucheka," Hermelinda akasema bila kuinua kichwa, "pilipili zinaoza. Makapu yako pale. Wifi, anza na mstari huu, na ole wako uvunje matawi."

Wakavuna. Asubuhi nzima walivuna watatu, wakibishana nani ana mkono mwepesi, na Fermín akadai kapu la dada yake lina majani kuliko pilipili. Lilipojaa la Hermelinda, Fermín alilibeba mwenyewe hadi kivulini, akamwambia mbele ya wote, "Mama, yote haya ni yako. Sisi tulikuwa na kazi ya kununa."

"Ni yetu," Hermelinda alisema, "ila mimi nitachagua kwanza."

Jua lilikuwa limepanda Evaristo alipokuja. Alikuwa bado na koti la harusi, vigingi vikiwa kwapani. Kwa muda mrefu alikuwa amejiambia wanagombana kule chini. Kisha akasikia kicheko, akashindwa kukaa. Alisimama ukingoni mwa shamba. Hakuna aliyemtukana. Fermín alimtazama mara moja, akarudi kwenye mche wake, na safari hii hakumwita hata Bwana Mizani.

"Haya," Evaristo alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Si tulisema leo tunakata?"

Pilipili zilianguka kapuni.

Aliviweka vigingi chini. Akavua koti, akalikunja vizuri juu ya jiwe, akapandisha mikono ya shati. Akamsogelea mkewe, akanyoosha mkono.

"Nipe kapu, Asunta. Niwasaidie."

Asunta alinyanyuka, akamtazama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Evaristo.

"Kapu la nini?" alimuuliza. "Wewe ulilima wapi?"

Evaristo alitazama mstari baada ya mstari, hadi mtoni na kurudi, na hapakuwa na hatua moja ya ardhi ile aliyoweza kuionyesha kwa kidole. Alishusha mkono. Alasiri yake alipanda basi la mjini, akarudi juu ya duka la marehemu baba yake, kwenye kile chumba alichokuwa nacho kabla ya kuoa. Hermelinda alikuwa bado anavuna basi lilipopita, na hakuinua kichwa. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune.